Kila Hoja na "Yah." Yake

Barua ya ofisi haiendi bila neno "Yah." juu ya maelezo yake. Kwa neno hilo karani hujua aitie katika jalada gani kabla hajaisoma yote. Yashangaza basi kwamba sisi walimu, tuandikao "Yah." kila tuombapo likizo, huyaacha majadiliano ya darasani yaende ovyo: watoto husema mengi, kengele hulia, na ubaoni hakuna kitu.

Tuchukue mfano wa somo la historia katika shule ya pwani ya Kilwa au Lindi. Mwalimu auliza darasa lajua nini juu ya Kilwa Kisiwani. Mtoto wa mvuvi asema ameziona kuta za Husuni Kubwa akipita mashuani. Wa pili amesoma kwamba Ibn Battuta alifika huko mwaka 1331. Wa tatu amesimuliwa na bibi yake kuwa mgeni kutoka Shirazi alikinunua kisiwa kwa nguo za kukizungushia chote. Wa nne auliza wenyeji walikimbilia wapi Wareno walipouteka mji mwaka 1505. Mwalimu asiye na utaratibu humsifu aliyesoma, humcheka mjukuu wa bibi, na humsahau muulizaji.

Maoni yangu ni kwamba darasa lipatane kwanza juu ya alama nne tu: Nimeona, Nimesikia, Nimesoma, Nauliza. Kila asemaye ataje alama yake, na mwalimu aiandike hoja chini ya alama hiyo. Hoja moja yaweza kuwa na alama mbili. Habari ile ya nguo imo pia katika historia ya Kilwa iliyoandikwa kwa Kiarabu katika karne ya 16. Basi na iwekwe chini ya Nimesikia na Nimesoma pia. Hapo mtoto aliyechekwa atainua kichwa. Safu ya Nauliza nayo itakuwa mwanzo wa somo la kesho.

Tusidharau yaliyosikiwa. Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda vijijini kukusanya kumbukumbu za wazee juu ya Vita vya Maji Maji, vilivyoanza mwaka 1905 katika vilima vya Umatumbi, Kilwa. Bila kazi ya namna hiyo tungebaki na maneno ya Wajerumani peke yake. Lakini yaliyosikiwa hapana budi yajulikane kuwa yamesikiwa, ili yapate kulinganishwa na mengine.

Yako mambo mawili ya kuangalia. Alama zisizidi, kwani zikifika kumi mtoto atawaza alama na kuisahau hoja. Tena, alama ni ya hoja, si ya mtoto. Aliyesikia leo, kesho huenda akaona kwa macho yake.

Wako watakaosema kwamba njia hii yapoteza wakati. Mwanachuo uendaye kwenye mazoezi ya kufundisha, ijaribu kwa kipindi kimoja, kisha utazame ubao wako kabla hujaufuta.