Antene ya mgodi isiishie kwenye uzio



Kule Bisie, Walikale, bati linachimbwa katikati ya pori. Kabla ya barabara kufika, wabebaji walitoka huko na mizigo mgongoni, kwa mguu, mpaka Njingala. Leo mgodi wa kampuni ya Alphamin, ulioanza kuzalisha mwaka 2019, hauwezi kuendesha kazi bila mawasiliano. Machi 2025 vita vilipokaribia, kazi ilisimama na watu wakaondolewa. Aprili ikaanza tena. Kupanga mambo kama hayo bila rezo haiwezekani.

Na sisi je? Mkulima wa Masisi angali anapanda kilima kutafuta rezo ili ajue bei ya maharagi Goma. Mwenye mafuta ya mawese Walikale anangoja mchuuzi, na bei anayosikia ni ya mchuuzi tu.

Sisi tunaona antene ya mgodi isiishie kwenye uzio. Sheria ya migodi ya 2018 inadai kampuni itenge 0,3% ya mauzo yake kwa maendeleo ya wenyeji, na iandike ahadi zake katika cahier des charges. Tunaomba shule na madaraja, vizuri. Tuombe pia rezo kwenye depo ya koperative.

Inawezekana. Antene mbili zikionana, zinapelekeana intaneti kilometa nyingi. Masisi, kilima kinachoziba njia ndicho kitakachobeba antene ya kupokezana. Walikale, majani yenye maji yanakula mawimbi, basi mlingoti upite miti. Njia ikikosekana, kuna setilaiti: Starlink ilipewa ruhusa Kongo mwaka 2025, nayo inataka mbingu wazi na umeme. Na kule Rubaya, kwenye wachimbaji wa mikono, koperative za wachimbaji na za wakulima zinaweza kuchanga pamoja kwa mashine moja.

Lakini mashine isiyo na mwenyewe inakufa haraka. Tuchague vijana wawili, mmoja awe binti, wafundishwe kuitunza. Kila memba achange kidogo kwa ajili ya betri. Ruhusa iwe ya maandishi, maana siku za vita antene isiyo na karatasi inaleta mashaka. Bei ziandikwe ubaoni, hata asiye na simu azisome.

Katika mkutano ujao na kampuni, tusitoke kabla jambo hili halijaandikwa. Madini yanatoka kwetu. Habari nazo zifike kwetu.