Madesa Mengi, Kemia Kidogo

Tanzania haina mtihani wa pekee wa kuingilia udaktari. Mlango ni Kidato cha Sita. Mwanafunzi wa tahasusi ya PCB, yaani Fizikia, Kemia na Biolojia, hufanya mtihani wa Baraza la Mitihani (NECTA) mwezi Mei, na matokeo yake ndiyo yanayoamua kama ataomba chuo cha udaktari cha Muhimbili, KCMC ya Moshi au Bugando ya Mwanza, au atatafuta fani nyingine. Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) inataka ufaulu katika masomo yote matatu, hivyo A ya Biolojia haimwokoi aliyeanguka Kemia. Na ndani ya Kemia, sehemu inayowanyima watu usingizi ni kemia ogania, ambayo mabwenini huitwa oganiki. Kuikwepa hakuwezekani, maana katika muundo wa mtihani uliozoeleka imegawanywa: hidrokaboni na viambata vya halojeni huangukia karatasi ya kwanza, ilhali alkoholi, aldehidi, ketoni, asidi za kaboksili, amini na polima huangukia ya pili.

Hofu hiyo imeotesha imani inayorithishwa kutoka darasa hadi darasa: oganiki ni ya kukariri, kwa hiyo anayekusanya madesa mengi, yaani notisi na vitini vya kutolewa kopi, ndiye atakayefaulu. Wazazi wanaiamini na kuitolea fedha, wenye steshenari wanaishi kwayo, na baadhi ya walimu wa tuisheni huitilia mbolea. Ni imani potofu, na ubaya wake mkubwa ni kwamba humwadhibu zaidi mwanafunzi mwenye bidii, kwa kuwa ndiye anayekusanya zaidi.

Katika vituo vya barabara ya Arusha hadi Moshi, kama Maji ya Chai na Usa River, imani hiyo inaonekana kwa macho. Shule zikifungwa, vijana wa bweni hurudi nyumbani na marundo: kitini cha shule fulani yenye jina, notisi za mwalimu wa Dar es Salaam ambaye hakuna aliyewahi kumwona, majibu ya mitihani ya moko ya mikoa mitatu minne, kitabu cha Kihindi kisicho na jalada. Kila kimoja hupita kwenye mashine ya kopi, kisha nakala nayo hutolewa nakala. Jina la shule juu ya ukurasa wa kwanza ndilo linalouza. Nani aliandika, mwaka gani, kwa muhtasari upi, hayo hayaulizwi.

Imani hiyo haikuzuka hewani. Kwa miaka mingi kitabu cha kemia cha sekondari ya juu kilikuwa kitu cha kugombewa. Maktaba ya shule ikibahatika ilikuwa na nakala chache za Ramsden au za Philip Matthews, vitabu vilivyoandikwa kwa ajili ya wanafunzi wa Uingereza, na zamu ya kukiazima ilikuwa ndefu. Kitini kiliziba pengo. Pale ambapo hapakuwa na mwalimu wa Kemia, kitini ndicho kilikuwa mwalimu, na heshima hiyo kinastahili kupewa. Tatizo ni kwamba kiraka kiligeuzwa nguo.

Ukurasa mmoja wa desa la alkoholi unatosha kuonyesha kasoro. Ni safu ya mishale kutoka juu hadi chini. Mmoja unatoka kwenye ethanoli kwenda etheni, mwingine unatoka kwenye ethanoli hiyo hiyo kwenda ethoksiethani, na juu ya yote miwili imeandikwa asidi kali ya salfuriki. Kinachoitofautisha mimenyuko hiyo ni joto: nyuzi 170 za Selsiasi kwa etheni, nyuzi 140 pamoja na ethanoli ya ziada kwa ethoksiethani. Katika nakala ya tatu au ya nne, ile 7 na ile 4 huwa madoa mawili yanayofanana. Msomaji anayejua kwamba joto kubwa huifanya molekuli ipoteze maji peke yake, na kwamba joto la chini penye ethanoli nyingi huzipa molekuli mbili nafasi ya kuungana, anaweza kuirudisha namba iliyofutika kwa kufikiri. Aliyekariri anakariri doa.

Hali ni hiyo hiyo kwa 2-bromopropani na potasiamu haidroksaidi. Haidroksaidi ikiwa katika maji, zao la kufundishwa ni propan-2-oli. Ikiwa katika ethanoli na kuchemshwa, ni propeni. Desa huandika ufupisho wa herufi chache juu ya mshale, na herufi hizo ndizo za kwanza kupotea. Mistari miwili ya kifungo maradufu hushikana ikawa mmoja, na alkeni hugeuka alkani bila haidrojeni wala nikeli.

Lakini hata desa lililochapwa safi, lisilo na kosa hata moja, ni chombo duni, na hapa ndipo penye hoja yenyewe. Orodha ya mimenyuko humwambia msomaji kinachotokea; haimwambii sababu. Propeni ikikutana na haidrojeni bromaidi hutoa hasa 2-bromopropani, mwelekeo ambao Mrusi Vladimir Markovnikov aliueleza mwaka 1870. Ikiongezwa peroksidi, zao kuu hugeuka kuwa 1-bromopropani, jambo lililofafanuliwa na Morris Kharasch na Frank Mayo huko Chicago mwaka 1933. Kwenye desa hiyo ni mistari miwili ya kukariri pamoja na jina gumu la Kirusi. Kwenye kitabu kizuri ni swali moja: nani anatangulia kuishika kaboni, na anaacha nini nyuma?

Bila peroksidi, protoni ndiyo inayotangulia. Inashika kaboni ya pembeni ili chaji chanya ibaki kwenye kaboni ya katikati, ambako makundi mawili ya alkili yanaituliza. Penye peroksidi, atomu ya bromini ndiyo inayotangulia. Nayo inashika pembeni, inaiacha elektroni pweke katikati, na haidrojeni inakuja baadaye. Kanuni haikubadilika, aliyetangulia ndiye aliyebadilika. Mwenye kuelewa hivyo anaweza kutabiri kitakachotokea kwa 2-methilipropeni hata kama hajawahi kuiona, na watungaji wa mitihani hupenda sana molekuli ambazo watahiniwa hawajaziona. Mwenye orodha hana pa kuanzia.

Lipo kundi la pili la waumini, ambalo huyadharau madesa na kukimbilia unene. Kwao kitabu kikubwa ndicho cha uhakika: Morrison na Boyd, au Bahl na Bahl wa India. Si vitabu vibaya. Cha Morrison na Boyd, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1959, kilizoesha wanakemia wengi kufikiri kwa mekanizimu, yaani hatua za mmenyuko, badala ya orodha. Ila kiliandikwa kwa ajili ya chuo kikuu cha Marekani, na cha akina Bahl kwa wanafunzi wa shahada nchini India. Mtahiniwa wa Kidato cha Sita anayekianza ukurasa wa kwanza atazama kwenye stereokemia na spektroskopia kabla hajafika kwenye mada zake za amini. Kitabu cha aina hiyo ni cha kuulizia: kinafunguliwa kwa swali moja, kinafungwa.

Hata Marekani, kilikotoka cha Morrison na Boyd, uzito umehama. MCAT, mtihani wa kuingilia udaktari Marekani, ulifanyiwa marekebisho makubwa mwaka 2015. Kemia ogania ina takriban asilimia 15 ya sehemu ya kemia na fizikia na asilimia 5 ya sehemu ya biolojia, ilhali baiokemia imepewa kama robo ya kila moja ya sehemu hizo mbili. Mhitimu wa Arusha anayetumiwa na shangazi yake wa Houston sanduku la vitabu vya kabla ya hapo anajiandaa kwa mtihani usiokuwepo.

Kwa hiyo nyenzo ya kwanza kutafutwa si kitabu. Ni muhtasari wa somo pamoja na muundo wa mtihani unaotolewa na NECTA, karatasi chache tu zinazoonyesha mada zipi zinatahiniwa na kwa uzito gani. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, ilikuja na mitaala iliyoboreshwa, hivyo mtahiniwa hana budi kujua yuko chini ya muhtasari upi. Desa la kaka aliyemaliza zamani halijui habari hizo.

Baada ya hapo kinafuata kitabu cha kiada cha Taasisi ya Elimu Tanzania (TET), ambacho husomwa bila malipo kwenye maktaba mtandao ya taasisi hiyo. Wanafunzi hukidharau kwa kuwa ni cha bure na ni cha serikali, sababu mbili zisizo na uhusiano wowote na kaboni. Pembeni yake kiwepo kitabu kimoja, kimoja tu, kinachoeleza mekanizimu kwa kiwango cha sekondari ya juu. Ramsden na Matthews ni wakongwe, lakini kazi hiyo bado wanaiweza.

Nyenzo inayopuuzwa kuliko zote ni taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, ambazo NECTA huzitoa somo kwa somo na kuziweka wazi kwenye tovuti yake. Taarifa hiyo hupita swali baada ya swali: swali lilitaka nini, watahiniwa walifanyaje, walipotelea wapi. Ndani yake zimo picha za majibu halisi, mazuri na mabaya, kwa mwandiko wa mtahiniwa mwenyewe. Mwanafunzi anaweza kulichukua jibu bovu, akalisahihisha kwa kalamu yake, ndipo asome maelezo ya wasahihishaji na kuona kama ameliona kosa. Hakuna desa linalotoa zoezi la namna hiyo, na ajabu ni kwamba yapo madesa yanayouzwa huku taarifa hizi za bure zikikosa wasomaji.

Mitihani iliyopita ina nafasi yake, nayo ni kupima. Vile vitabu vinavyoweka jibu chini ya swali huiharibu kazi hiyo: jicho hushuka kabla akili haijaanza, na msomaji huondoka akidhani alijua.

Watetezi wa kukariri wana hoja moja ya mwisho, kwamba daktari hahitaji mekanizimu, anahitaji kuvuka mtihani tu. Hoja hiyo huangukia wodini. Mtu aliyekunywa gongo lenye methanoli anaweza kupofuka kwa sababu ini huigeuza methanoli kuwa methanali, kisha asidi ya methanoiki, ambayo huumiza neva ya jicho. Huo ni mmenyuko wa Kidato cha Sita: alkoholi ya daraja la kwanza huoksidishwa kuwa aldehidi, kisha kuwa asidi ya kaboksili. Ethanoli imetumika hospitalini kama dawa ya sumu hiyo kwa kuwa hugombea kimeng'enya kile kile.

Kwa kijana wa Maji ya Chai upo mfano wa karibu zaidi. Mito na visima kadhaa chini ya Mlima Meru vina floridi nyingi kupita miligramu 1.5 kwa lita zinazopendekezwa kama kikomo na Shirika la Afya Duniani. Matokeo yake ni meno ya kahawia na, kwa waliozidiwa, mifupa iliyopinda. Ndiyo maana pale Ngurdoto kukawa na kituo cha utafiti wa kuichuja floridi kwa mkaa wa mifupa. Sasa desa la halojeni huandika mstari mmoja: ayodoalkani humenyuka upesi, kisha bromoalkani, kisha kloroalkani, na floroalkani mwisho. Anayeyajua meno ya jirani zake ana haki ya kuuliza mbona floridi inayofanya madhara yote hayo iwe mvivu kiasi hicho. Jibu ni kwamba iliyo majini ni ioni huru, na iliyo kwenye floroalkani imeshikwa na kaboni kwa kifungo chenye nguvu kama mara mbili ya kile cha kaboni na ayodini. Kitabu kinachotaja nguvu za vifungo hulijibu swali hilo. Kinachotoa mfuatano peke yake hulizima.

Pingamizi la haki ni la umaskini: si kila nyumba ina kompyuta, na bando ni ghali. Lakini faili la NECTA likipakuliwa mara moja Usa River huweza kuzungushwa kwa simu hadi vijiji vya juu bila kufifia, jambo lisilowezekana kwa nakala ya nakala. Tena Shule ya Sekondari Kisimiri, ya serikali, iko huko huko kwenye miteremko ya Meru, mbali na maduka ya vitabu ya mjini, na mwaka 2016 iliongoza kitaifa matokeo ya Kidato cha Sita. Mfano huo usivutwe kupita kiasi, maana shule inayopokea wanafunzi waliochaguliwa ina mtaji wake. Unachokanusha ni dhana kwamba siri iko karibu na mashine ya kopi.

Madesa yaliyokwisha kununuliwa si ya kuchoma. Upande wa kulia wa kila mshale ufunikwe kwa karatasi, na msomaji aandike zao, masharti na njia ya elektroni kabla ya kufunua. Wakiwa watatu wanne kwenye pindi, yaani kipindi cha kujisomea pamoja, mmoja afunike na wengine wabishane. Likitokea jibu linalopingana na kitabu, wakaangalie kitabu. Desa lisilotaja masharti ya mmenyuko hata kwenye nakala yake ya kwanza halifai hata kwa zoezi hili.