Nywele na hesabu ya mpakani: Je, saluni za Gihundwe zinastahili bei zake?

Wafanyabiashara wanaovuka kila siku kati ya Rusizi na Bukavu wana lalamiko moja ambalo halifiki kwenye mikutano ya forodha: saluni zimepanda bei. Mama anayeuza mboga au vitenge ng'ambo anasema msuko unakula faida ya siku nzima. Msusi wa Gihundwe naye anasema mwisho wa mwezi habakiwi na kitu. Wote wawili wanaweza kuwa wanasema kweli.

Jambo la kwanza ni kwamba bei ya saluni ni bei mbili zilizofungwa pamoja. Ipo kazi ya mikono, na ipo bidhaa: rasta, au meshi kama zinavyoitwa upande huu, pamoja na mafuta, shampuu na dawa za kulainisha. Kazi inafanyika Gihundwe. Bidhaa imesafiri kutoka mbali.

Bidhaa inatoka wapi

Sehemu kubwa ya nywele za bandia zinazouzwa Afrika Mashariki hutengenezwa Nairobi, ambako kampuni kama Style Industries, watengenezaji wa Darling, wana viwanda. Nywele halisi za binadamu nyingi huandaliwa China, hasa mji wa Xuchang katika jimbo la Henan. Mzigo huingia Rwanda kupitia Gatuna, Kagitumba au Rusumo, unafika Kigali, kisha unapita Huye na msitu wa Nyungwe hadi Kamembe. Kwa soko la Rwanda hapa ni mwisho wa barabara.

Wasafirishaji wanajua tabia ya mzigo huu: ni mwepesi lakini unajaza gari. Nauli yake hufuata nafasi kuliko uzito. Kwa hiyo barabara ikirefuka, bei ya pakiti moja inapanda. Gatuna ulipofungwa Februari 2019, malori yalizungukia Kagitumba, na mpaka huo haukufunguliwa tena hadi tarehe 31 Januari 2022.

Kisha kuna dola. Mwanzoni mwa 2022 dola moja ilikuwa karibu faranga 1,000 za Rwanda. Mwaka 2025 ilipita 1,400. Mwaka huohuo Rwanda ilianzisha ushuru wa bidhaa wa asilimia 15 kwa vipodozi, zikiwemo rangi za nywele.

Hesabu ya msuko mmoja

Tuchukue mfano, ambao si bei ya saluni yoyote. Msuko ni faranga 12,000: meshi 6,000 na kazi 6,000. Dola ikipanda kwa asilimia 40 na bei ya meshi ikaifuata yote, meshi zitakuwa 8,400. Msuko unapaswa kufika 14,400, yaani ongezeko la asilimia 20 tu. Saluni ikidai 17,000 kwa kisingizio cha dola, faranga 2,600 hazitokani na dola. Huenda ni kodi ya chumba, umeme au ujuzi wa msusi. Hizo ni sababu halali, lakini mteja ana haki ya kuambiwa.

Kodi nayo inaingia hapa. Nchini Rwanda biashara ndogo yenye mauzo ya kati ya faranga milioni 12 na milioni 20 kwa mwaka hulipa asilimia 3 ya mauzo, si ya faida. Maana yake saluni inayouza meshi ndani ya bei ya msuko inalipia kodi hata fedha ambayo imepita tu mikononi mwake kwenda kwa muuza meshi. Mteja akinunua meshi zake mwenyewe, msusi anatozwa kwa kazi yake peke yake. Hapo kuna nafasi ya kupunguziana bei bila kumkosea mtu.

Gharama kwa siku

Kwa anayeishi na mpaka, swali si bei ya leo bali nywele zitadumu siku ngapi, na saa ngapi zitapotea kitini. Kwa mfano uleule, tuseme saa moja ya biashara inampa mama faranga 1,000. Msuko wa saa tano unamgharimu 12,000 pamoja na 5,000 za muda, jumla 17,000. Ukidumu siku 30, ni kama faranga 567 kwa siku. Kuosha na kukausha kwa draya kwa 3,000 na saa moja ni 4,000, lakini kukidumu siku tano ni faranga 800 kwa siku. Kilichoonekana rahisi ndicho ghali.

Hesabu hiyo inageuka kwa dereva wa lori. Kunyoa ni dakika chache, hakuna bidhaa ya kuagiza, na anaweza kunyoa wakati anasubiri makaratasi. Bei ya kinyozi ikipanda sawasawa na ya msuko, dola haiwezi kuwa sababu kuu.

Je, tuvuke Bukavu?

Wapo wanaoona dawa ni kuvuka, kwa kuwa wasusi wa Kongo wanasifika kwa mikono yao. Ukivuka kwa ajili ya nywele peke yake, ongeza nauli ya pikipiki kwenda na kurudi, muda wa foleni Rusizi ya Kwanza, na hasara ya kubadilisha fedha. Nafuu ya faranga 2,000 inaweza kuisha kabla hujakaa kitini. Na tangu Bukavu ilipoangukia mikononi mwa M23 Februari 2025, na benki za mji huo zikafunga milango, kupata chenji limekuwa jambo la kuulizia kwanza. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, lakini hilo halikuondoa forodha daraja la Rusizi.

Kwa wanaoleta bidhaa, tahadhari moja. Mawigi na nywele za bandia ziko katika kifungu cha forodha 67.04, wakati shampuu, mafuta na dawa za nywele ziko 33.05. Ni bidhaa mbili zenye hesabu mbili, ingawa mara nyingi husafiri katika katoni moja. Tenganisha ankara kabla ya kufika mpakani, na uliza Mamlaka ya Mapato ya Rwanda kama ushuru mpya wa vipodozi unagusa bidhaa yako. Kukosea hapo kunaishia kwenye bei ya msuko wa Gihundwe.

Kwa maoni ya mwandishi huyu, msuko unaodumu mwezi unastahili fedha zake, hata baada ya kupanda. Huduma ya siku tano haistahili kwa mtu anayehesabu saa za mpaka. Akina mama wa vyama vya ushirika, ambao tayari hununua mboga na vitenge kwa jumla, wangeweza kununua meshi kwa njia hiyohiyo, kisha wakamlipa msusi kazi yake peke yake. Msusi hatapoteza kitu katika ujira wake, na mteja atajua kila faranga imekwenda wapi.