Jina Moja, Manowari Tatu

Tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg iliishambulia Pegasus ya Waingereza bandarini Unguja, ikazama. Tarehe 11 Julai 1915, ikiwa imepigwa mizinga katika delta ya Rufiji, mabaharia wake wenyewe waliizamisha. Mwaka huohuo Ujerumani iliipa manowari nyingine jina lilelile, baadaye na ya tatu. Hiyo nayo ilizamishwa Bergen, Norwei, mwaka 1940.

Fahari ilirithishwa, waliokufa hawakurudi. Nasi hapa Singida huwapa wajukuu majina ya mababu. Ni desturi njema, ila tusirithishe jina bila habari zake: mema yafuatwe, makosa yakomeshwe. Jina pekee halimwokoi anayelibeba.