Samaki wa Kopo si Aibu, Biharusi



Leo tunataka kusema jambo ambalo wengi wetu tunalifanya kwa kujificha. Tunakula samaki wa kopo. Tunamnunua jioni duka la mtaa wa pili, tunamtia mkobani, na kopo likishakuwa tupu tunalizungushia gazeti kabla ya kulitupa, asije mtu akaliona. Maana kisiwani kwetu mwanamke anayefungua kopo anaambiwa mvivu. Bahari hiyo hapo, samaki wapo Malindi, wewe unafungua kopo?

Anayeumia zaidi kwa maneno haya ni biharusi. Somo amemfundisha kupika pweza wa nazi, kumimina mkate, kupanga sinia likapendeza. Hakuna aliyemwambia yeye mwenyewe ale nini saa tano asubuhi, mume yuko kazini, nyumba kimya, na moyo unamwambia haiwezekani kuwasha jiko kwa ajili ya mtu mmoja. Basi anakunywa chai ya rangi na andazi la jana, anangoja jioni. Siku zinakwenda hivyo.

Na kabla ya harusi hali ni mbaya zaidi. Mmoja wetu alikaa karibu wiki tatu na chai ya rangi na matango ili gauni limkae vizuri. Siku ya hina akaona kiza, akaanguka mbele ya shangazi zake. Wageni wakasema ni jicho. Jicho lipo, hatulikatai, lakini siku ile ilikuwa njaa. Leo anacheka akihadithia, ila mama yake hacheki mpaka kesho.

Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alitufundisha kwamba mwili nao una haki juu ya mwenyewe. Mwanamke anayelisha watu sita na yeye akabaki na ukoko wa sufuria hajautimizia mwili wake haki hiyo. Ndiyo maana tunasema: weka makopo mawili matatu ya sadini kabatini, na usimwonee mtu haya.

Tutazame kilichomo ndani ya kopo. Sadini ni samaki mdogo. Anasafishwa, anapangwa koponi pamoja na mafuta au rojo la tungule, kopo linafungwa lisipitishe hewa, kisha linapikwa kwa moto mkali. Moto huo ndio unaomhifadhi, na ndio unaoulainisha mwiba mpaka ukatafunika. Wanaosema ni mambo mapya ya kemikali wajue kuwa mji wa Nantes, Ufaransa, ulianza kutia sadini makoponi tangu miaka ya 1820.

Mwiba huo usiutoe. Gramu 100 za sadini, wakiliwa na miba yao, zina protini karibu gramu 25 na kalisiamu zaidi ya miligramu 350. Mwanamke mtu mzima anahitaji kalisiamu kama miligramu 1,000 kwa siku. Kopo dogo la gramu 125, ukishamwaga mafuta, linabaki na samaki kama gramu 90. Kwa hiyo kopo moja tu linakupa karibu thuluthi ya kalisiamu ya siku nzima. Tena wamo vitamini B12, madini ya chuma kiasi, yale mafuta ya omega-3 yanayosifiwa kwa moyo, na vitamini D. Hii ya mwisho inatuhusu sisi hasa. Jua la kisiwani ni kali, lakini tunaojistiri na kushinda ndani halitufikii sana ngozini.

Wale waliojaaliwa ujauzito nao wasikilize. Samaki wakubwa wanaokula samaki wenzao, kama papa na nduaro, hukusanya zebaki nyingi mwilini, na wajawazito hushauriwa kuwaepuka. Sadini ni mdogo na anakula vijidudu vya majini, kwa hiyo zebaki yake ni kidogo. Ni katika samaki wanaopendekezwa kwa mjamzito mara mbili au tatu kwa wiki.

Tutaulizwa: samaki wabichi wamekwenda wapi? Hawajakwenda popote, na sisi hatumwambii mtu aache soko. Siku ukipata changu mbichi au dagaa wazuri, alhamdulillah, pika. Dagaa wetu wakavu pia wanaliwa wazima na miba yao, na mara nyingi ni rahisi kuliko kopo. Ila tuliozaliwa visiwani tunajua kuwa bahari haitoi kila siku. Upepo wa kusi ukikaza, vyombo vidogo havitoki, na fungu lililokuwa la bei ya kawaida linapanda mpaka unarudi nyumbani na mchicha. Mbalamwezi ikiwa pevu, wavuvi wa dagaa wanaotumia taa hawapati kitu. Kopo halingoji upepo wala giza la mwezi. Halihitaji friji, na umeme ukikatika usiku kucha halikutii wasiwasi.

Bei nayo tuiseme. Bei za makopo zinatofautiana duka na duka, lakini kopo dogo kwa kawaida halifiki bei ya sahani ya chipsi kuku ya barabarani, na likitiwa kwenye boflo watu wawili wanashiba. Wengi wetu hatuoni uzito kununua soda na biskuti kila alasiri. Ukizijumlisha fedha hizo kwa wiki, unapata makopo, na mwili unapata chakula.

Kuhusu halali, samaki hana shaka. Suratul Maida, aya ya 96, imetuhalalishia vya baharini, na samaki hahitaji kuchinjwa. Sadini wengi wa makopo wanatoka Moroko, kwa ndugu zetu Waislamu. Hata hivyo soma maandishi ya kopo. Wako samaki wa makopo wa Ulaya wanaotiwa mvinyo mweupe kwenye mchuzi. Wa mafuta, wa tungule au wa maji na chumvi ndio salama ya moyo.

Tusikufiche na upande wa pili. Samaki hawa wana chumvi. Mwenye presha achague wasio na chumvi nyingi, au awamwagie maji yao na asiongeze chumvi. Mwenye maradhi ya gauti aulize daktari kwanza. Kopo lililovimba, lililobonyea kwenye maungio au linalovuja litupe, hata kama uliuziwa nusu bei. Na ukishafungua usiwaache samaki koponi: watie kwenye bakuli lenye kifuniko, friji, uwamalize ndani ya siku mbili.

Namna ya kula haihitaji darasa. Waponde kwa uma, tia kitunguu maji kilichokatwa vyembamba, kotmiri, pilipili mbuzi na ndimu nzima. Paka kwenye boflo, weka vipande vya tango, umepata chai ya alasiri. Ukiwa na muhogo uliochemshwa, wamwagie juu wale wa tungule. Mwezi wa Ramadhani wachanganye na viazi vilivyopondwa, ufanye katlesi za kufuturia. Na wakati wa daku, ukiamka dakika ishirini kabla ya adhana, kopo litakusitiri kuliko chai tupu.

Mmoja wetu, miezi miwili baada ya harusi, alifumwa na wifi yake jikoni, kopo mkononi. Alitamani ardhi ipasuke. Wifi akavuta kiti, akasema, "Nitilie na mimi, tangu asubuhi sijala." Walikula pamoja, na mpaka leo ni marafiki wakubwa.

Kwa hiyo tunawaomba mama wakwe na mawifi: mkikuta kopo tupu kwa mke wa mtoto wenu, msimhesabie uvivu. Muulizeni kama alishiba. Na wewe biharusi unayeandaa vyombo vyako, nafasi ya sahani za maua ipo, na nafasi ya singo na udi ipo. Acha pia pembe ndogo ya kabati kwa makopo yako. Usiyafiche nyuma ya mchele. Yaweke mbele, pale mkono unapofika haraka, uyakumbuke siku ambayo umelisha wote na wewe bado hujala.

Wabillahi tawfiq.