Kabla ya kulipa kianzio, ingia jikoni



Ndugu msomaji, sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na masahaba zake. Baada ya hayo, wiki hii tuzungumzie jambo ambalo familia nyingi za Kiislamu hapa Dar es Salaam hulifanya bila kulitafakari, nalo ni kuweka oda ya chakula katika hoteli ya mtaani kwa ajili ya akika, walima, futari au kisomo.

Wazee wetu walipika shughuli uani. Majirani walikusanyika, wakachambua mchele, wakamenya vitunguu, na chakula kilipoiva kililiwa papo hapo. Leo wengi tunaishi nyumba za kupanga zisizo na uwanja wa kuweka meko matatu, na akina mama wengi wako kazini. Mtu anaona bora aende hoteli ya jirani, akubaliane bei ya sahani, atume kianzio kwa simu, mambo yaishe. Hilo halina ubaya. Tatizo liko katika namna tunavyochagua. Tunauliza maswali mawili tu: bei gani, na mwenyewe ni Muislamu? Tukiridhika na hayo tunalipa.

Nakiri kwamba nami nilifanya hivyo. Miaka michache iliyopita ndugu yangu alipata mtoto, akaniomba nimtafutie mahali pa kupikisha akika. Nilimpeleka kwa mzee mmoja mwema, tunaswali naye msikiti mmoja, na hotelini kwake nilikuwa nimekula mara nyingi bila tatizo. Siku ya shughuli nikapita pale saa tatu asubuhi. Nikakuta pilau la watu 80 limeshaiva, limefunikwa, linasubiri wageni watakaokula baada ya Alasiri. Mimi ni tabibu, nilijua maana yake. Lakini niliona haya kumkosoa mtu mzima mbele ya vijana wake. Nikasema moyoni Allah atasitiri, nikaondoka.

Usiku ule wageni wakaanza kubanwa na matumbo na kuharisha. Hadi asubuhi nilikuwa nimewahudumia watu 11 zahanati, wakiwemo mjamzito wa miezi saba na mtoto wa mwaka mmoja na nusu aliyefika amelegea, macho yameingia ndani. Alhamdulillah wote walipona. Mama wa yule mtoto aliniuliza swali moja tu: "Kaka, si wewe uliyesema pale ni salama?" Sikuwa na la kumjibu.

Kwa nini pilau la asubuhi ni hatari?

Watu wengi huamini kwamba chakula kikishachemka vijidudu vyote vimekufa. Sivyo. Wapo bakteria katika mchele na katika nyama ambao hujifunga ndani ya gamba gumu, wakastahimili kuchemshwa. Chakula kikiwa cha moto sana wanatulia. Kikianza kupoa na kuwa vuguvugu, gamba linafunguka na wanaanza kuzaana. Sufuria kubwa la pilau ni mahali pao pazuri, kwa sababu katikati hupoa polepole sana, likabaki vuguvugu kwa saa nyingi.

Bakteria wa mchele hutoa sumu inayomtapisha mtu, mara nyingi ndani ya saa sita baada ya kula, na sumu hiyo haiondoki kwa kupasha moto. Bakteria wa nyama huleta maumivu ya tumbo na kuharisha kuanzia saa sita hadi 24 baada ya kula. Hakuna harufu mbaya, na ladha haibadiliki. Ndiyo maana hoja ya "nimeonja, ni tamu" haina uzito hapa.

Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa mwaka 2001 mafunzo yanayoitwa Funguo Tano za chakula salama: usafi, kutenganisha vibichi na vilivyopikwa, kupika mpaka kuiva, kuhifadhi katika joto linalofaa, na kutumia maji na malighafi salama. Katika funguo hizo chakula kilichopikwa kinatakiwa kibaki na joto zaidi ya nyuzi 60 mpaka kiliwe, na kisiachwe nje kwa zaidi ya saa mbili. Pilau letu lilikaa zaidi ya saa saba.

Oda yako huibadilisha hoteli

Utasema, "Mbona nakula pale kila siku na siumwi?" Ni kweli. Lakini hoteli unayoijua ni ile inayopika sahani 40 za mchana, zikauzwa zikaisha. Unapoagiza sahani 120 kwa saa moja maalumu, majiko ni yale yale, masufuria ni yale yale, na vijana ni wale wale. Mpishi anafanya nini? Anaanza mapema. Anapika pilau alfajiri, anakaanga kuku saa nne, anakatakata kachumbari adhuhuri kwenye kibao kilichokatiwa kuku mbichi. Hana nia mbaya, anataka asikuangushe. Oda kubwa kuliko uwezo wa jiko ndiyo inayoleta madhara.

Kwa hiyo usihukumu kwa vioo na viti. Mama ntilie mwenye masufuria matatu anayepika na kumaliza ndani ya saa mbili anaweza kuwa salama kuliko hoteli yenye marumaru inayopasha moto kiporo.

Je, kuuliza ni dhana mbaya?

Hapa ndipo wengi tunapokwama. Tunasema Uislamu umetukataza kudhaniana vibaya na kupelelezana, na kwamba nyama ya Muislamu hailiwi kwa mahojiano. Nilipokuwa madrasa tulisoma hadithi ya Bibi Aisha (r.a.), ya watu waliouliza kuhusu nyama waliyoletewa bila kujua kama ilitajiwa jina la Allah. Mtume (s.a.w.) aliwaelekeza wataje wao jina la Allah na wale. Hiyo ni rehma kubwa, lakini inahusu kuchinjwa. Haisemi tufumbe macho mbele ya madhara.

Tumkumbuke Mtume huyo huyo (s.a.w.) alipopita sokoni, akaingiza mkono ndani ya lundo la nafaka, vidole vyake vikakuta unyevu chini. Alimuuliza mwenye mali, na akaonya vikali juu ya udanganyifu. Hakuishia kutazama juu ya lundo. Vilevile ametufundisha kufunika vyombo vya chakula na maji. Na Qur'an Tukufu, Suratul Baqara aya ya 168, inatutaka tule kilicho halali na pia kilicho kizuri. Cheti cha halali kinashughulikia uchinjaji na viambato. Hakikwambii pilau limekaa saa ngapi.

Isitoshe, wewe ukila kwa hiari yako unajibeba mwenyewe. Ukiwaalika watu 80 umebeba amana ya matumbo 80: wazee, wenye kisukari, wajawazito, watoto wachanga. Wao hawakuchagua hoteli. Wamekuamini wewe.

Kabla ya kutoa fedha, fanya haya:

1. Nenda siku yenye wateja wengi, kama Ijumaa baada ya sala, ule sahani moja. Kisha omba kwa adabu kuingia jikoni. Akikataa katakata, tafuta kwingine.

2. Uliza amewahi kupikia watu wangapi kwa mara moja, na ana majiko na masufuria mangapi. Ikiwa idadi yako inamzidi, ipunguze au igawe kwa wapishi wawili.

3. Kubalianeni saa ya kuepua, si saa ya kula peke yake. Kama wageni wanakula saa mbili usiku, pilau liepuliwe saa moja au baada ya hapo. Pendekeza shughuli ifuate jiko.

4. Tazama mahali pa kunawia mikono pa wapishi, si pa wateja. Pana maji yanayotiririka na sabuni? Choo kiko wapi, na kina maji?

5. Tazama kama nyama mbichi ina kisu na kibao chake. Uliza maji ya juisi na barafu yanatoka wapi. Tusisahau kipindupindu kilichozuka hapa mjini Agosti 2015 na kuenea mikoa mingine.

6. Uliza kuhusu leseni na vyeti vya afya vya wapishi. Mtu anaweza kubeba vijidudu vya homa ya matumbo hali haumwi. Tangu mwaka 2019 usimamizi wa usalama wa chakula ulihamishwa kutoka TFDA kwenda TBS, na afisa afya wa kata yako anaweza kukusaidia ukiwa na shaka.

7. Usiwafungie wageni mabaki yaliyokaa mezani tangu mchana.

Ukiona hali hairidhishi, usiweke oda, na usiende kumtangaza mtu barazani. Mwite pembeni, mwambie sababu. Hiyo ndiyo nasiha, na huenda ukamsaidia kurekebisha biashara yake. Mimi nilirudi kwa yule mzee baada ya wiki moja, nikamweleza yote, pamoja na kosa langu la kunyamaza. Alisikitika sana. Akaniambia, "Mwanangu, ungenambia asubuhi ile ningepika upya." Siku hizi hapokei oda inayozidi watu 50, na pilau la shughuli anaepua wageni wakiwa njiani.

Na likitokea la kutokea, mpe mgonjwa maji ya ORS mapema, kidogo kidogo. Mtoto aliyelegea, anayetapika kila kitu, au anayeharisha damu, muwahishe kituo cha afya bila kusubiri asubuhi.

Ndugu msomaji, haya yangu ya dakika moja yaliwalaza watu 11. Usiione haya kuuliza.

Wabillahi tawfiq.