Kodi ya Mkate na Hofu ya Wadai

Mwandishi wa makala ninayoijibu hapa amelieleza vema deni la Kenya, illa amelipita upesi mno suala la nani hasa anayetozwa. Serikali ya Kenya ilipoleta Mswada wa Fedha wa mwaka 2024, ikitaraji kukusanya shilingi bilioni 346 zaidi, miongoni mwa yaliyokusudiwa ilikuwa kuutoza mkate kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16, mkate ule ule ambao kibarua wa Mukuru huununua kwa ujira wa kutwa na tajiri wa Muthaiga huula pasina kuihisi bei yake. (Kifungu hicho kiliondolewa, tena kwa shingo upande.) Vijana wakaingia barabarani kuupinga mswada mzima, damu ikamwagika Juni 25, na kesho yake Rais Ruto akatangaza kwamba hatautia sahihi; hazikutimia wiki mbili, kampuni ya Moody's, ipimayo uwezo wa nchi kulipa madeni, ikaiteremsha Kenya daraja kutoka B3 hadi Caa1.

Deni lilikuwa lile lile la juzi. Kilichowatia wadai hofu ni kuona kwamba dola haina tena wa kumtoza, maadamu fukara amekwisha kukamuliwa na mwenye majumba ya kupangisha aghalabu hafikiwi. Mwezi Februari mwaka huo, Kenya ilikopa dola bilioni 1.5 kwa faida ipitayo asilimia 10 ili kulipia hati fungani za mwaka 2014 zilizokuwa na riba ya asilimia 6.875, na tofauti hiyo sijui italipwa na nani kama si mnunuzi wa sabuni na mafuta ya taa.